Anayedai Mpaka Uandikwe Si Mkorofi

Katika vijiji vya korosho vya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Nachingwea na Ruangwa, mtu akienda kwa mwenyekiti wa kitongoji kulalamika kwamba jirani amesogeza mpaka, jina lake huharibika kabla ya lile la aliyesogeza. Ataambiwa hana subira, anagombanisha watu kwa hatua tatu za ardhi. Wazee watamkumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Ushauri huo una uzito wake. Ila umeachwa utawale peke yake kwa muda mrefu mno, na wanaoulipia ni walewale: wajane, vijana waliorudi kutoka mjini baada ya mzazi kufariki, na yeyote ambaye shahidi wake ameshazikwa.

Wanaosema "vumilia" wana hoja. Huku jirani si mtu baki. Mashamba mengi yanayopakana leo yalikuwa shamba moja la babu au la mjomba, na anayekubana mpakani ndiye atakayekuja kuchimba kaburi siku ya msiba, ndiye mtakayekaa naye kwenye unyago wa watoto. Shambani pia mnategemeana. Kiangazi, moto ukishika majani makavu chini ya mikorosho, wa kwanza kufika na matawi mabichi ya kuuzima ni yeye. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, nao hauheshimu mpaka: ukipulizia salfa peke yako na mwenzako asipulizie, maua yako bado yako hatarini. Kumburuza mtu kama huyo kwenye kesi, kwa kipande ambacho thamani yake huenda isifikie nauli za kwenda na kurudi wilayani, si jambo la kukimbilia. Hayo yote nayakubali.

Kinachosahaulika ni kwamba sheria haimtazami mvumilivu kwa jicho la wazee. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 ya kufungua shauri la kudai ardhi. Kwa mkulima wa mahindi, miaka 12 ni mingi. Kwa mwenye mikorosho ni michache sana. Mche huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi, lakini huchukua miaka mingine kadhaa kufunga kivuli na kuonekana kuwa shamba. Jirani akipanda mistari miwili upande wako, msimu wa kwanza unanyamaza kwa sababu ni miche tu. Msimu wa tatu unanyamaza kwa sababu mama yake anaumwa. Wa sita, watoto wenu wanaoana, na nani atataja mpaka kwenye harusi? Siku unayopata ujasiri, mikorosho imeshaota mizizi, yeye amefyeka chini yake kila mwaka mbele ya macho ya kijiji kizima, na miaka imekwisha. Subira ileile iliyosifiwa na kila mtu inasomwa barazani kama dalili kwamba ardhi haikuwa yako.

Kinga ipo. Mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba aliyekaribishwa au kuazimwa ardhi haigeuzi kuwa yake kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Lakini kinga hiyo inakudai uthibitishe kwamba kweli ulimwazima. Aliyemwazima alikuwa marehemu baba, kwa mdomo, mbele ya shahidi mmoja, naye pia ni marehemu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa habari ilikuwepo, ila ilikaa kichwani mwa mzee mmoja. Mjane anayeomba leo kauli ya zamani iandikwe anafanya kile ambacho mumewe alipaswa kukifanya miaka 20 iliyopita. Kumwita mkorofi ni kumwadhibu kwa uzembe usio wake.

Kusini tuna sababu ya ziada ya kutotegemea kumbukumbu. Miaka ya Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, watu walihamishwa na mikorosho ikaachwa kwenye mahame. Taifa lililovuna tani zipatazo 145,000 za korosho msimu wa 1973/74 lilishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Bei mbaya na ubwiriunga vilichangia, lakini shamba lililo mbali na mwenyewe halipaliliwi. Watu waliporudi kwenye mahame yao, mpaka ulikuwa ni kichuguu, mkwaju, au njia iliyokwisha kufunikwa na majani. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliyathibitisha magawio ya ardhi yaliyofanywa vijijini kati ya 1970 na 1977. Kwa hiyo inawezekana kabisa watu wawili wakasimama mpakani, mmoja akiwa na haki aliyoirithi na mwingine akiwa na haki aliyogawiwa, na hakuna mwongo kati yao.

Urithi nao unaongeza fundo. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama, na shamba liliweza kwenda kwa mpwa. Mkorosho ulibadilisha mengi, maana baba aliyeupanda na wanawe alitaka waurithi hao hao. Mzee akifa, mpwa ana mpaka alioonyeshwa na mjomba, mtoto ana mpaka alioonyeshwa na baba, na mara nyingine mjomba huyo na baba huyo ni mtu mmoja.

Halafu kuna fedha. Minada ya Oktoba 2024 ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, hatua tatu za ardhi ziliacha kuwa hatua tatu. Korosho nzuri haichumwi, huachwa idondoke na bibo lake ndipo iokotwe. Wataalamu wanashauri nafasi ya mita 12 kwa 12 kati ya mti na mti, lakini ukipita mipakani utaona mikorosho iliyopandwa hatua mbili kutoka kwenye mstari, na matawi yake yameinamia upande wa pili karibu kugusa ardhi. Alfajiri watoto wa pande zote mbili wako chini ya tawi lilelile na vindoo vyao. Mwenye mti anasema korosho ni za mti wake. Mwenye ardhi anasema palipodondoka amepafyeka yeye. Kilo kumi za tawi hilo kwa msimu, kwa bei hiyo, ni shilingi 40,000: sare na madaftari ya mtoto. Sioni kwa nini kuliuliza jambo hilo kuhesabiwe kuwa ni roho mbaya.

Watu wengi wanaogopa neno baraza kwa sababu wanaliona kama kushtakiana. Hofu hiyo imepitwa na wakati. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na wanawake watatu kati yao, kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata lilikuwa na uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi ya hadi shilingi milioni 3, lakini tangu marekebisho ya 2021 nalo linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unafunguka. Wapo wanaosema mabaraza yameng'olewa meno, na wana sababu, maana mwenye nguvu anaweza kuitwa na kukaa kimya mpaka siku zipite. Lakini kwa majirani wa kawaida naona faida kubwa zaidi: unaweza kumwita mwenzako mbele ya kata, na hakuna atakayetoka pale ameshinda au ameshindwa.

Wapo wadai mipaka ambao siwatetei. Anayekwenda polisi kufungua shauri la kuingia kwa jinai huku umiliki wenyewe una mgogoro anatafuta kumtisha mwenzake, na mahakama zimesema mara kwa mara kwamba umiliki uamuliwe kwanza. Anayekata mkorosho wa mwenzake usiku anaharibu miaka ya jasho. Na yupo anayesubiri timu ya upimaji wa hati za hakimiliki ya kimila ifike kijijini siku ambayo jirani yake amelazwa hospitali, kisha akaonyesha mpaka peke yake. Karatasi inaweza kuiba vilevile, ndiyo sababu thamani yake yote iko kwa majirani waliosimama pale wakati inaandikwa.

Ninachokitetea ni kitu kidogo na cha mapema. Mwezi wa sita, kabla korosho hazijaanza kudondoka na wakati bado hakuna fedha juu ya mti, pande mbili zitembee mpaka pamoja na majirani wa kushoto na kulia na mwenyekiti wa kitongoji. Karatasi itaje miti kwa idadi, kichuguu kilipo, nani alimwazima nani na tangu lini, na korosho za tawi lililovuka zitaokotwa na nani. Wote watie saini au dole gumba, kila mmoja abaki na nakala. Jirani akikataa kusaini, mwenyekiti aandike kwamba amekataa na tarehe yake. Barua ya malalamiko peke yake haisimamishi ile miaka 12, kwa hiyo kukataa huko kuwe sababu ya kwenda kata mwezi huohuo, bila kusubiri msimu mwingine.