Baba na ile "Ooo!" ya wimbo wa taifa

Kabla ya 2005, mtu wa Silver Spring, Maryland, hakuwa na haja ya kuulizwa anashabikia timu gani ya besiboli. Washington, ambayo kwetu ni pua na mdomo, haikuwa na timu. Zamani ilikuwa nayo, ikiitwa Senators, lakini msimu wa 1971 ulipokwisha wenyewe wakaibeba wakaipeleka Texas, na jiji la Ikulu likabaki mikono mitupu. Kwa hiyo sote tulikuwa wa Orioles ya Baltimore, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari siku ambayo foleni imekuhurumia.

Mimi nilifika Marekani nikiwa mtoto wa shule ya msingi, kutoka Temeke. Orioles niliikuta darasani. Baba alikuwa na timu yake, Simba, tangu enzi zile ikiitwa Sunderland, na hakuona sababu ya mtu mzima kuwa na timu ya pili. Zaidi ya hapo alikuwa na pingamizi mbili. Ya kwanza, oriole ni ndege, na shabiki wa Simba hawezi kushangilia ndege. Ya pili, jezi za Orioles zina rangi ya chungwa, na chungwa, alisema, ni nyekundu iliyoingiliwa na Yanga.

Aliyemlainisha ni mchezaji wa Orioles, Cal Ripken Jr. Tarehe 6 Septemba 1995 tulikaa mbele ya televisheni kumwona akicheza mechi yake ya 2,131 mfululizo bila kukosa hata moja, akavunja rekodi ya Lou Gehrig iliyokaa tangu 1939. Mechi ilisimama dakika 22 ili azunguke uwanja akipeana mikono na watu. Baba, ambaye alikuwa akilinda maegesho ya magari usiku na hajawahi kumpigia bosi wake simu kusema anaumwa, alisimama pale sebuleni na sare yake ya kazi. "Huyu bwana," alisema, "tangu 1982 yuko zamu." Kuanzia siku hiyo ndege akasamehewa.

Tukaanza kwenda Camden Yards, uwanja wa Orioles, sambusa za mama zikiwa kwenye mfuko. Mara yetu ya kwanza, wimbo wa taifa ulipoanza, baba alivua kofia na kukakamaa kama alivyokuwa akisimama Uwanja wa Taifa kwa "Mungu ibariki Afrika". Basi, mashabiki wa Orioles huiita timu yao "O's". Na karibu na mwisho wa wimbo wa taifa wa Marekani kuna mstari unaoanza na "O". Ukifika hapo, mwimbaji hata awe nani, uwanja mzima unamnyang'anya wimbo: "OOO!" Halafu wanamrudishia, naye anamalizia kwa unyonge.

Baba aliruka. Akainama hadi sikioni kwangu. "Ile nini?"

Nilikuwa na soseji mdomoni na mchezo ulikuwa unaanza. "Ndivyo unavyoimbwa, Baba."

Akatikisa kichwa taratibu, akaihifadhi.

Sasa lazima mjue kwamba kabla ya Marekani baba alikuwa kondakta wa basi la UDA. Sauti yake ilifanyiwa mazoezi Kariakoo saa kumi na moja jioni. Mechi iliyofuata, mstari ule ulipofika, alitoa "OOO!" ambayo watu wa safu tatu za mbele waligeuka kuiangalia ilikotoka, kisha wakampigia makofi. Mimi nilijisikia binti wa mfalme.

Miaka ilienda. Oktoba 1996 tukaumizwa kule New York, pale mtoto wa miaka 12 alipoingiza glavu uwanjani akauvutia jukwaani mpira uliopigwa na Derek Jeter wa Yankees, na refa akasema eti umevuka ukuta wenyewe. Baba hakuuliza sheria inasemaje. Aliuliza, "Mtoto huyo saa hizi hana shule kesho?" Kuanzia 1998 hadi 2011 Orioles haikumaliza msimu hata mmoja ikiwa imeshinda zaidi ya ilivyofungwa. Baba aliendelea kwenda, na aliendelea kuimba.

Mwaka 2003 akala kiapo cha uraia. Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi mmoja Baltimore, watu wa nchi zote wamevaa vizuri, akina mama wanalia kidogokidogo. Kikapigwa wimbo wa taifa kutoka kwenye spika. Nilikuwa nimesimama nyuma na mama nikishika maua. Ulipokaribia mstari ule nikaona mabega ya baba yanapanda, anavuta pumzi, na ndipo nikakumbuka ile soseji.

"OOO!"

Bibi mmoja mbele yake akaangusha bendera. Mtoto mchanga akaanza kulia. Mama alifumba macho na kuanza kusoma dua. Ukumbi ulinyamaza wote isipokuwa spika, na isipokuwa walinzi wawili waliokuwa mlangoni, vijana wa palepale Baltimore, ambao damu iliwachemka wakaitikia kwa pamoja: "OOO!"

Kwenye gari nilijaribu. "Baba, ile ni ya Orioles tu. Haimo kwenye wimbo."

"Walinzi wa serikali wameitikia," alisema. "Wewe unajua kuliko walinzi wa serikali?"

"Ni mashabiki, Baba."

"Nani aliandika wimbo huu?"

Hilo lilikuwa swali la mtihani wa uraia, na alikuwa amelisoma mpaka usingizini. Francis Scott Key, 1814, akitazama Fort McHenry ikipigwa mabomu. "Na Fort McHenry iko wapi?" Sikujibu. "Iko Baltimore. Wenye wimbo ndio wanaojua unavyoimbwa. Hao wengine wanaimba nusu."

Ukiniuliza leo, sioni pa kuupasulia ubishi ule.

Kisha, Septemba 2004, ikatangazwa kwamba Expos ya Montreal inahamia Washington, na Novemba ikapewa jina la Nationals. Mimi nilikuwa chuoni, sina gari, na hapa nilikuwa na timu ambayo naifikia kwa treni: unapanda Silver Spring, unabadilisha Metro Center, unashuka Stadium-Armory. Nikahama bila kutazama nyuma. Rafiki zangu wa Orioles waliniita msaliti na baadhi yao walikuwa wamechukia kweli. Niliyemhofia zaidi ni baba. Nilijiandaa kwa hotuba ya Msimbazi na Jangwani, ya kwamba mtu anaweza kubadilisha nchi, dini na mke lakini timu habadilishi.

"Hii timu ni ya Kanada," alisema.

"Wamebadilisha jina tu, Baba. Kama Sunderland walivyobadilisha wakawa Simba."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Mwaka gani ilikuwa?"

"1971."

"Mwaka uleule Washington walipoporwa timu yao." Hilo lilimgusa kuliko nilivyotarajia. Akauliza jezi zao rangi gani. Nikamwambia nyekundu.

Ndiyo ikawa basi. Wekundu ni wekundu. Nikamnunulia kofia yenye W iliyojikunja, na wiki chache baada ya ufunguzi wa Aprili 2005 tukaenda naye uwanja wa RFK. Njia nzima nilifikiria treni, tiketi, kama ameshika koti. Kuhusu wimbo sikufikiria kabisa.

Washington wana kidonda kuhusu ile "O". Miaka 34 walilazimika kwenda Baltimore kuazima timu, na sasa wamepata ya kwao, jambo la mwisho wanalotaka kusikia kwenye uwanja wao ni salamu ya Baltimore. Wachache walikuwa wameshaijaribu hapo RFK na kuzomewa. Safu ya nyuma yetu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya Senators iliyopauka, ambaye tukiwa bado tunatafuta viti alitusimulia kwamba usiku ule wa mwisho wa 1971 alikuwepo, mashabiki walipovamia uwanja kwa hasira mpaka mechi ikavunjika. Alisimulia huku akitupa karanga. Baba alimpenda papo hapo.

Wimbo ukaanza. Kofia zikavuliwa. Mabega yakapanda.

"Baba, usi..."

"OOOO!"

Nawaambia ukweli, ilirudi na mwangwi kutoka upande wa pili. Kwa kitambo uwanja haukuamini. Halafu sehemu yetu yote ikaanza kumzomea, na mzee wa karanga ndiye aliyeongoza.

Mtu mwingine angeketi. Baba aliona kitu tofauti: aliona Wamarekani wanazomea wimbo wao wa taifa ungali unaimbwa. Akawageukia, mkono bado uko kifuani, akasema kwa Kiingereza chake cha maegesho, "Aibu! Mnazomea nchi yenu! Mimi nimekuja juzi tu na nina heshima!"

"Rudi Baltimore!" mtu akapaza sauti.

"Baltimore ndiko walikouandikia!"

Akaja mhudumu wa uwanja, mama wa makamo mwenye fulana ya kazi. Baba, ambaye hatoki nyumbani bila nyaraka, alitia mkono kotini akamtolea pasi ya Marekani, akaifungua kwenye picha. "Mimi raia," alisema. "Mtihani wa wimbo nilipata."

"Baba mzuri," yule mama akamjibu kwa upole, "sijaomba pasi. Naomba ukae."

Tukakaa. Nilitamani kuingia ndani ya begi langu. Ili kupoza mambo nikaenda kununua nacho zenye jibini ya moto, sahani kubwa, nikampakatisha baba. Na hapo ndipo ujenzi wa RFK ulipotumaliza. Majukwaa ya upande wa besi ya tatu, tulikokaa, yalikuwa ya kusogezwa, ili uwanja ugeuzwe kwa michezo tofauti. Watu wakiruka kwa pamoja, jukwaa lote linadunda. Washington walijivunia jambo hilo. Baba hakuna aliyemwambia.

Nationals wakapata pointi, watu wakaruka, na chini yetu dunia ikaanza kwenda juu na chini. Baba alipiga kelele "Uwanja unaanguka!" kwa Kiswahili, akanishika mkono, akageuka kukimbilia ngazi, na sahani ya nacho ikaondoka mapajani kwake ikaenda kutua yote, upande wa jibini, kwenye kofia ya Senators ya 1971.

Mimi sikupumua. Mzee aliivua kofia. Akaitazama. Jibini lilikuwa linateremka taratibu kwenye herufi ya W ya zamani. Baba, mikono bado imeng'ang'ania kiti, akavua kofia yake mpya na kumpa kwa mikono miwili, bila neno.

Mzee akaivaa. Akachukua nacho moja kutoka kwenye ile ya zamani, akaila. "Unatokea wapi, bwana?"

Kufika katikati ya mechi walikuwa wamekaa safu moja. Baba alikuwa amegundua kwamba kocha mkuu wa Nationals ni Frank Robinson, yuleyule aliyeipa Orioles ubingwa mwaka 1966, na alikuwa akimweleza mzee kwamba kumbe timu yenyewe inaongozwa na mtu wa Baltimore, sasa kelele zote zile za nini. Mzee alisema hilo ni suala lingine. Walibishana mpaka treni ya mwisho ilipokaribia, na tukapewa namba ya sehemu anayokaa siku zote.

Wakawa wanaenda pamoja, mara nyingi bila mimi. Suala la wimbo mzee alilimaliza kwa njia yake: mstari ule ukikaribia, anamtilia baba karanga mdomoni, za kutosha.

Mei 2006 Orioles wakaja RFK kucheza na Nationals kwa mara ya kwanza, na nusu ya Maryland ikaja nao na jezi za rangi ya chungwa. Nilikuwa katikati ya wazee wawili. Wimbo ukafika pale, mzee akafanya kazi yake, baba akavimba mashavu kimya. Ndipo kutoka kila kona ya uwanja ikalipuka: "OOO!"

Baba akanigeukia, macho yamemtoka, akihangaika kutafuna haraka.

"Umesikia?" alisema, maganda yakimruka mdomoni. "Wanaoujua wapo!"