Tiketi ya ndege: kampuni yenyewe, ajansi, au tovuti ya mbali?

Lubumbashi ni mji unaosafiri. Wafanyabiashara wanaofuata mali Dubai na Guangzhou, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa Afrika Kusini au India, wanafunzi na mafundi wa migodi, wote hupitia Luano, uwanja wetu wa ndege, na karibu wote huulizana jambo moja kabla ya kutoa dola zao. Je, tiketi inunuliwe kwa kampuni ya ndege yenyewe au kwenye ajansi ya mjini? Siku hizi kuna na tovuti za mbali, zile zinazoonyesha bei iliyo chini kuliko zote, ambazo ofisi zake hakuna aliyewahi kuziona.

Watu wengi huamua kwa bei peke yake, na hapo ndipo wanapoumia. Kati ya njia hizi, tofauti ya bei kwa safari ile ile mara nyingi ni makumi ya dola. Lakini siku ndege inapofutwa, mtoto anapougua au viza inapochelewa, linalokuja mbele ni nani mwenye mamlaka ya kuigusa tiketi yako. Kosa hapo linaweza kukugharimu nauli yote.

Tuanze na kitu ambacho wasafiri wengi hawakijui: rezervasio si tiketi. Rezervasio ni nafasi iliyoshikwa kwa jina lako, na alama yake ni msimbo wa herufi na tarakimu 6. Tiketi ni kitu kingine, nayo ina namba ya tarakimu 13. Tatu za kwanza zinaitaja kampuni iliyoitoa: 071 ni Ethiopian Airlines, 706 ni Kenya Airways, 082 ni Brussels Airlines. Ajansi inaweza kukupa karatasi safi yenye jina lako, tarehe na saa za ndege, na ile namba ya tarakimu 13 isiwepo. Karatasi hiyo ni rezervasio tu, na kila rezervasio ina saa yake ya mwisho. Saa hiyo ikipita kabla tiketi haijatolewa, kompyuta ya kampuni huiachilia nafasi bila kumpigia mtu simu.

Hivi ndivyo watu wanavyoibiwa, mara nyingine hata na mtu asiyekuwa na nia ya kuiba. Komisioneri, yaani dalali wa tiketi, anapokea dola zako Jumatatu, anazitumia kumalizia tiketi ya mteja wa wiki iliyopita, akitegemea feza ya mteja wa Jumatano imalizie ya kwako. Mteja wa Jumatano asipokuja, unafika Luano na mabegi yako, na mtu wa dirishani anakwambia jina lako halimo.

Sasa kuhusu mamlaka. Tangu tarehe 1 Juni 2008, IATA, umoja wa kampuni za ndege, iliachana na tiketi za karatasi, kwa hiyo tiketi yako inaishi ndani ya kompyuta na kila tiketi ina aliyeitoa. Ukinunua kwa kampuni, kampuni ndiyo iliyoitoa, na ofisi yake yoyote au simu yake inaweza kuibadilisha. Ukinunua kwenye ajansi, feza hupita kwenye mfumo wa malipo wa IATA uitwao BSP kabla ya kufika kwa kampuni, na inaporudi hupita njia ile ile: kampuni, mfumo, ajansi, ndipo wewe. Ndiyo maana ukipiga simu kwa kampuni kuomba urejeshewe nauli, jibu la kawaida ni kwamba rudi kwa aliyekuuzia. Mhudumu hakufukuzi, ndivyo kazi yao ilivyopangwa. Ila kama ajansi imefunga mlango Ijumaa saa kumi na ndege yako ni Jumapili, hadi Jumatatu huna pa kushika.

Ubaya wa pili wa ajansi ni mdogo kwa macho, lakini umeshawaachisha watu ndege nyingi. Kampuni ikisogeza saa ya ndege, ujumbe huenda kwenye simu na imeili zilizoandikwa ndani ya rezervasio. Ajansi nyingi huandika za kwao wenyewe. Kanuni za IATA zinaitaka ajansi imwombe msafiri mawasiliano yake na kuyapeleka kwa kampuni, lakini dai mwenyewe: sema namba yako, kisha omba kuiona imeandikwa.

Pamoja na hayo, kumwambia kila mtu wa Lubumbashi anunue moja kwa moja ni kusahau tunavyoishi. Tovuti ya kampuni inataka kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya intaneti, yenye kikomo kinachotosha nauli nzima, na simu iliyo hewani kupokea msimbo wa kuthibitisha. Nauli ya watu 4 ikizidi kikomo cha siku, benki hukataa hata kama salio lipo. Baadhi ya kampuni pia huomba kuiona kadi iliyolipia siku ya safari. Kama ulilipiwa na ndugu aliye Ubelgiji, jambo hilo limalizwe mapema, usilisubiri dirishani. Ajansi inapokea dola mkononi, na nyingi zinapokea M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Angalia noti zako tu: iliyopasuka kidogo au kuandikwa kwa kalamu, hapa kwetu hakuna atakayeishika.

Nguvu kubwa ya ajansi iko kwenye safari ngumu. Mtu anayeomba viza anahitaji rezervasio ya kuonyesha ubalozini kabla ya kulipa, na ajansi yenye mfumo wa kompyuta wa kuuzia tiketi, kama Amadeus au Sabre, inaweza kuishika nafasi kwa siku ambazo kampuni inaruhusu. Inaweza kuunganisha kampuni mbili ndani ya tiketi moja, kupanga watu 15 wa msiba au arusi pamoja, na kutazama nauli za kampuni nyingi kwa wakati mmoja. Ina na faida moja ambayo wateja hawaitumii: tiketi iliyotolewa leo, kwa kawaida ajansi inaweza kuibatilisha leo hii hii kabla ya siku kufungwa, bila faini. Kesho yake kosa lile lile ni faini ya kampuni, pengine na nauli mpya. Kwa hiyo soma tiketi ukiwa bado umekaa mbele ya meza yao. Ukisema utaisoma nyumbani usiku, muda huo umeupoteza.

Na unaposoma, anza na jina, maana sisi Wakongo tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina linaloifuata nom) na prénom (jina la kupewa), na fomu nyingi za tiketi zina nafasi mbili tu. Usibahatishe. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti yako, tazama mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Mstari wa juu kwa kawaida huanza na P<COD, kisha huja majina. Yote yaliyo kabla ya alama mbili zinazofuatana, <<, ndiyo jina la ukoo kwa macho ya mashine ya uwanjani. Yaliyo baada yake ni majina ya kupewa. Kama postnom yako imekaa kabla ya <<, iandikwe pamoja na nom. Kama imekaa baada, iende na prénom. Kwenye tiketi majina yanaweza kushikana bila nafasi, na MR au MRS ikabandikwa mwishoni. Hiyo ni kawaida ya mifumo, usiogope. Herufi zikigeuka, au jina likawa lile unaloitwa mtaani, hilo ni kosa na lisahihishwe pale pale.

Baada ya jina, angalia mizigo. 2PC maana yake vipande viwili. 1PC ni kimoja. 30K ni kilo 30 kwa jumla. Kwa mfanyabiashara wa Dubai hapa ndipo faida ilipo au inapotea, kwa sababu tiketi iliyo rahisi kuliko nyingine kwa dola 40 lakini yenye kipande kimoja itamlipisha zaidi ya hizo 40 siku ya kurudi na mali. Halafu tarehe. Ndege ya saa 00:30 tarehe 14 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani uwe Luano tarehe 13 jioni.

Tovuti za mbali zinastahili kuangaliwa kwa makini, na maoni yangu juu yake ni makali. Bei yao ya chini mara nyingi inatokana na vitu viwili. Cha kwanza, wameondoa begi, na utaliongeza baadaye kwa bei yao. Cha pili, wamekushonea tiketi mbili zisizojuana: moja ya Lubumbashi hadi Johannesburg, nyingine ya Johannesburg hadi uendako. Kwenye skrini zinaonekana kama safari moja. Uwanjani, mzigo wako unaishia Johannesburg. Inabidi upite uhamiaji uuchukue na kuuandikisha upya, na mwenye pasipoti yetu haingii Afrika Kusini bila viza. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni lolote kwako. Kwake wewe ni mtu ambaye hakufika, na tiketi imekufa. Ukitaka kubadilisha tarehe, tuseme kampuni inatoza dola 100. Tovuti itaongeza ada yake juu, na mazungumzo yote yatafanyika kwa imeili na mtu usiyemwona. Mwenye ajansi ya mjini angalau unaujua mlango wake.

Tiketi mbili zisizojuana tunazijua pia hapa ndani. Mtu ananunua Lubumbashi–Kinshasa kwa kampuni moja, na Kinshasa–Brussels kwa nyingine, akiacha saa 4 katikati. Ndege za ndani husogezwa saa mara nyingi, na saa 4 hizo zinaweza kuisha ukiwa bado umekaa Luano. Kwa mpango kama huo lala Kinshasa usiku mmoja. Na kumbuka Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa zilizo kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo, kwa kuondoka na kwa kufika.

Wengine huvuka Kasumbalesa wakapande ndege Ndola, wanapokuta nauli nzuri zaidi upande wa Zambia. Inawezekana, ukihesabu pia gari na foleni ya mpakani. Ila usinunue tiketi inayoanzia Ndola kwa nia ya kuipandia Luano kwa kuwa kampuni ni moja: kipande cha kwanza kisipotumika, vilivyobaki vyote hufutwa, hata cha kurudi.

Kuhusu ada ya ajansi, watu hulalamika bila kujua ilikotoka. Zamani kampuni ziliwalipa maajenti asilimia ya nauli. Mwaka 1995 kampuni za Marekani, Delta ikitangulia, zilianza kuweka kikomo kwenye malipo hayo, na kufikia 2002 kubwa kati yake zilikuwa zimeyaondoa kwa tiketi za kawaida huko kwao. Desturi hiyo ilisambaa. Ajansi ya leo inaishi hasa kwa ada anayolipa msafiri, na si dhambi, mradi iandikwe. Iulize: nauli ni ngapi, kodi ni ngapi, ada yenu ni ngapi, na mtanitoza kiasi gani nikibadilisha? Uliza pia kuhusu Go-Pass, ile kodi ya viwanja iliyoanza mwaka 2009 kwa dola 50 kwa safari za nje na 10 kwa za ndani: leo ni kiasi gani, na imo ndani ya bei au utailipa mwenyewe? Dai risiti yenye muhuri. Mali bila daftari huisha bila habari, na dola za mkononi zisizo na risiti hakuna benki itakayokusaidia kuzidai.

Kuna mlango mmoja ambao wengi wanaupita bila kuuona: ofisi ya mjini ya kampuni yenyewe, pale ilipo. Inapokea feza taslimu, inatoa tiketi ya kampuni moja kwa moja, na ndiyo yenye mamlaka ya kuibadilisha. Kwa safari nyepesi ya kwenda na kurudi kwa kampuni moja, na mtu asiye na kadi, naipendelea hiyo kuliko zote. Mwenye kadi anunue kwenye tovuti ya kampuni. Mwenye safari ya kampuni mbili, kundi, au viza inayosubiriwa, aende kwenye ajansi iliyosajiliwa IATA, yenye ofisi na risiti, na ada yake ailipe bila kinyongo. Komisioneri wa kwenye simu, asiye na meza, simshauri mtu, hata akiwa shemeji.

Popote uliponunua, usiondoke kabla hujafanya jambo hili la dakika 3. Chukua simu yako mwenyewe, fungua tovuti ya kampuni ya ndege, weka ule msimbo wa herufi 6 na jina lako la ukoo. Kama msimbo unakataa, huenda ni ule wa mfumo wa ajansi. Omba wa kampuni. Safari ikifunguka, tafuta namba ya tarakimu 13, hakikisha tarehe, idadi ya mabegi, na namba yako ya simu. Namba ya tiketi ikikosekana na ukaambiwa itakuja jioni, basi feza nayo ije jioni.