Umeme wa maji tunao, lakini maharage bado iko juu ya makala

Kila mara bakizindua baraji ama paneli za jua tunasikia hotuba ile ile, tani fulani za kaboni zimeokolewa. Mimi nauliza tu: nani alikuwa anazitoa mbele?

Siwezi kusema ni uongo. Sisi wa Goma tunakumbuka majenereta ya mjini, kila duka na yake, kila hoteli na yake. Lita moja ya mazutu ukiichoma inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni, kwa hiyo mashini ya kusaga yenye ilikuwa inakunywa mazutu na leo inazunguka na maji ya Matebe, ile baraji ya megawati 13 na kitu yenye bilifungua Rutshuru mwaka 2015, hiyo imepunguza kweli, hakuna mjadala. Mitambo ya jua ya kampuni ya Nuru hapa mjini, megawati 1.3, ni vile vile. Tena Matebe haikuzamisha msitu, maji inapita tu na kuendelea na safari, si kama baraji ya Balbina kule Brazili ambako miti ilifunikwa na maji, ikaoza, ikaanza kutoa methane, gesi yenye inapasha dunia joto.

Lakini nyumba yenye ilikuwa inawasha mshumaa na tochi, leo imepata balbu, televizyo na pasi, yenyewe imepunguza nini? Karibu hakuna kitu, juu haikuwa inachoma kitu cha maana. Si vibaya! Mtoto asome usiku, tunataka vile. Ila tusiite hiyo kupunguza kaboni. Na umeme wa Kongo tangu zamani ni wa maji, baraji ya Inga ya kwanza ni ya 1972, ya pili 1982, Bukavu nayo inakula umeme wa baraji ya Ruzizi tangu wakati wa Babeleji, sasa ukiongeza maji juu ya maji unafuta moshi gani?

Moshi wetu uko msituni na kwenye mbabula, jiko la makala. Kilo moja ya makala inakula kilo 5 za kuni na zaidi, juu tanuri ya udongo inapoteza mingi, na miti mingi inatoka ndani ya mbuga ya Virunga. Nyumbani tuko na resho, jiko la umeme, na mama jirani alinicheka siku nilijaribu kuitokosea maharage: "Resho ni ya chai, mwanangu." Akasema kweli, saa tatu za maharage zilimaliza inite za umeme zenye nilifikiri zitafika juma nzima. Makala, hata ukiwa na franka kidogo, unanunua ya kikopo unapika.

Sasa ona Luviro, baraji ingine ya maji. Umeme ulikuwepo, wa kuununua hawakutosha, na mwaka 2020 mbuga ya Virunga ikaanza kuutumia kuchimba bitcoin, feza ya kompyuta. Feza ya pale ilisaidia kulipa walinzi wa msitu, na mlinzi akilipwa labda mti unabaki, sikatai, lakini ni njia ya kuzunguka sana wakati sufuria iko hapa karibu.

Mimi ninaona miradi hii inapunguza kwenye inaua jenereta ao makala, kwingine inaongeza tu mwanga. Bale ba kuhesabu tani bakae basi siku moja pale balabala ya Sake, asubuhi, bahesabu magunia yenye inaingia mjini, halafu barudi mwaka kesho pahali pale pale.