Kibao cha "mzigo tayari": kufuli au kizuizi cha memori?

Pale Uyole, karani wa stoo akigeuza kibao kuonyesha "mzigo tayari" kabla makuli hawajamaliza kushusha magunia ya viazi, dereva wa Fuso atapakia alichokikuta na kuondoka. Kazi zote zimefanyika, ila zimepishana. Ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi kama Linux, ni hivyo hivyo: prosesa moja inaandika data, kisha inapandisha bendera (alama ya kusema data ipo tayari), na prosesa ya pili inaiona bendera kabla ya data. Ubishi wa waandishi wa draiva ni hapa: tuzuie kwa kufuli, linaloruhusu prosesa moja tu kuigusa data kwa wakati mmoja, au kwa kizuizi cha memori, amri inayokataza hatua za kabla yake na za baada yake zisipishane?

Mimi na wenzangu hapa Mbeya tulikutana na kosa hilo kwenye draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kihisi cha unyevu wa udongo. Kwenye laptop zetu za Intel ilikwenda vizuri siku nzima. Tulipoihamishia kwenye Raspberry Pi, yenye prosesa ya ARM, ikawa mara moja moja inatoa vipimo vilivyopitwa. Tukaweka printk, amri ya kerneli ya kuchapisha ujumbe, tuone kinachoendelea, kosa likapotea. Tukaiondoa, likarudi. (Aliyewahi kuandika draiva anaijua dharau hiyo.)

Laptop zetu zilikuwa shahidi mbaya. Prosesa za x86 haziruhusu maandishi mawili ya memori ya kawaida yaonekane kinyume cha mpangilio wake, wala usomaji mmoja kuutangulia mwingine. Kinachoruhusiwa ni usomaji kuruka mbele ya uandishi uliotangulia wa mahali pengine. ARM inaruhusu karibu yote. Na hata kwenye x86, kompaila yenyewe, programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, inaweza kupanga upya mistari yako kabla prosesa haijaiona.

Dawa yetu ya kwanza ilikuwa kuchomeka smp_wmb(), kizuizi cha maandishi, kati ya data na bendera. Tukapongezana. Kosa likapungua, lakini halikuisha, kwa sababu kizuizi cha upande mmoja ni nusu ya kazi: karani amejirekebisha, ila dereva naye alikuwa anapakia kabla ya kukitazama kibao. Upande wa msomaji ulihitaji smp_rmb(), kizuizi cha usomaji, kati ya bendera na data. Vizuizi huenda kwa jozi, na hapo ndipo wengi tunapoanguka, maana jozi yenyewe huwa kwenye faili jingine, pengine imeandikwa na mtu mwingine.

Wanaotetea kufuli wana hoja nzito. Spinloku ya Linux, kufuli ambalo prosesa hulisubiri ikizunguka papo hapo, imebeba vizuizi ndani yake: ukilifunga, kazi za ndani hazitoki juu; ukilifungua, hazivuki chini. Huhitaji kufikiria mpangilio, mradi pande zote mbili zinashika kufuli lile lile. Bei yake ni prosesa kusubiriana, tena kama data inaletwa na intarapti, ishara ya kifaa inayokatiza kazi ya prosesa, lazima utumie spin_lock_irqsave(), inayozizima kwanza intarapti za prosesa hiyo, la sivyo intarapti itaingia kwenye prosesa ile ile iliyoshika kufuli na kulisubiri milele.

Wanaotetea vizuizi bila kufuli nao hawaongei ovyo. Kadi ya mtandao inayopokea pakiti mamilioni kwa sekunde haiwezi kugombania kufuli kwa kila pakiti. RCU, njia ya kerneli ya kusoma data ambayo wengine wanaibadilisha, imejengwa ili wasomaji wapite bila kufuli, na kfifo, foleni ya data ya kerneli, inamruhusu mwandishi mmoja na msomaji mmoja kufanya kazi sambamba vivyo hivyo. Ila tazama: hata huko, mwandishi wa draiva haandiki vizuizi vitupu. Kwa RCU, kwa mfano, anaita rcu_assign_pointer() na rcu_dereference(), kazi ya kulinda mpangilio imefichwa ndani.

Kwa hiyo kwangu mimi ugomvi si kati ya kufuli na kizuizi, ni kati ya kizuizi chenye jina la kazi yake na kizuizi kitupu. smp_store_release() upande wa bendera na smp_load_acquire() kwa msomaji vinasema wazi nani anakabidhi na nani anapokea. smp_mb(), kizuizi cha jumla, iliyoachwa katikati ya faili haisemi kitu; ndiyo maana checkpatch, ile skripti ya kukagua viraka vya kerneli, hulalamika ikikuta kizuizi kisicho na maelezo pembeni.

Sisi tuliishia kwenye spinloku. Kihisi chetu kinatoa kipimo kimoja kila dakika, na kwa mwendo huo kufuli halina hata wa kugombania nalo. Vile vizuizi vya mwanzo, nikiri tu, tuliviweka kwa sababu vilionekana vya kitaalamu.