Kusoma sawa, lakini anasoma nini?

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema kiongozi akisoma vitabu vingi atajijua na kuwa mkweli zaidi. Nakubali nusu. Vitabu vingi vya viongozi kuhusu maisha yao siku hizi huandikwa na watu waliolipwa, na kila kosa humo hugeuzwa ushindi. Ukishiba hivyo tu, utakachojifunza ni kujipamba.

Mimi nilifaidika zaidi na Marcus Aurelius, kaizari wa Roma aliyefariki mwaka 180. Yale maandishi yake alijiandikia mwenyewe, tena kwa Kigiriki. Kuna mahali anajikaripia kwa sababu kumekucha na hataki kutoka kitandani. Mtu mwenye majeshi na dola nzima, anavutana na blanketi! Na sehemu ya kwanza yote ni shukrani: babu, mama, walimu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimfunza nini.

Mabosi wangapi wanaweza kuwataja hadharani waliowafundisha kazi? Wengi hunukuu kitabu mkutanini wakapigiwa makofi, halafu wakitoka nje wanamfokea karani yuleyule aliyewaandikia hotuba.