Boneti Iliyotega Senene

Shemeji yangu alikuja Bombo kutoka Masaka, hapa Uganda, na fenesi la kubebwa na watu wawili, pamoja na jembe lililokuwa linatafutiwa mpini. Vyote akavitua juu ya boneti ya gari langu, akaingia ndani kunywa chai. Fenesi lilitulia. Jembe likateleza, likaacha mstari wa shibiri nzima.

Mkwaruzo hupimwa kwa maji. Mwagia: ukipotea, umeishia kwenye klia, lile tabaka la vanishi la juu, na hapo msasa wa maji namba 2000 na kompaundi ya kung'arishia vinatosha. Usipopotea, na ukucha ukanasa ukipita, umeshafika kwenye rangi. Huu wa jembe ulikuwa unaonyesha kijivu cha praima, rangi ya msingi ya chini kabisa.

"Kidogo tu, shemeji," akaniambia. "Dawa ya viatu itafunika."

Gari ni la rangi ya fedha, namba 1F7 kwenye kibati cha Toyota, pale palipoandikwa C/TR. Fedha ndiyo rangi yenye kinyongo kuliko zote. Ina chembe za madini zinazolala kwa kufuata mkono wa mpulizaji: ukisogea karibu mno rangi inalowa, chembe zinazama, panakuwa na doa jeusi, ukienda mbali mno, panang'aa kuliko majirani zake. Kopo la kupuliza rangi likae sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bati, litikiswe dakika mbili nzima baada ya gololi ya ndani kuanza kulia, na mkono uanze na kumalizia safari nje ya mkwaruzo. Usibonyeze ukiwa umesimama juu ya jeraha.

Basi nikaosha kwa sabuni, nikapangusa kwa spiriti. (Petroli hapana; inaacha mafuta, na rangi ikikutana na mafuta inatoboka vishimo.) Msasa 800 ukapita kwenye mkwaruzo mpaka kidole hakisikii ukingo. Praima kidogo. Ilipokauka, msasa wa maji namba 1000 juu ya boneti nzima ili klia ipate pa kushika. Rangi ikaenda mara tatu, nyepesi nyepesi, dakika kumi kumi katikati, kila mara ikivuka kidogo mpaka wa ile iliyotangulia. Halafu klia, makopo mawili, boneti yote toka ukingo hadi ukingo, kwa sababu ukiikatisha katikati ya bati utaacha mstari ambao jua litautangaza kila asubuhi.

Ilikuwa Novemba. Mwezi huo mvua ndiyo mwenye ratiba, na klia inayopulizwa hewa ikiwa na unyevu inapauka nyeupe. Nilisubiri mchana mkavu, nao ukaja. Tabaka la mwisho liliwekwa jua likiwa linazama, boneti ikawa kioo. Nikaingia kunawa na kuswali Magharibi.

Nje, shemeji aliona nachelewesha kazi. Gereji moja aliwahi kuona wanakausha rangi kwa taa. Kweli wanakausha, ila taa zile hutoa joto jingi na mwanga kiduchu. Yeye aliazima ile balbu kubwa nyeupe ya kwenye maturubai ya harusi, akaining'iniza juu ya boneti.

Mtu wa Masaka! Kule kwao, kila msimu, balbu nyeupe kama hiyo huwashwa juu ya mabati yanayometa, yaliyoegemezwa kwenye mapipa, na kazi yake inajulikana mpaka kwa watoto wachanga. Boneti yangu inametameta, ina mteremko, na chini yake shemeji alikuwa ameegesha beseni la maji ya msasa.

Nilipotoa salamu ya mwisho nilisikia uani vigelegele.

Senene walikuwa wanashuka kama wamelipiwa nauli. Waliotua kwenye beseni walishukuru. Waliotua kwenye klia walibaki hapohapo, wakipiga teke. Na watoto wa uani, na mama zao, na mlinzi wa jirani, wote wakiwa na mifuko ya kaveera (plastiki), walikuwa wanawachuma kwenye boneti mmoja mmoja kwa vidole.

"Msiguse!" nikapiga kelele.

"Hawa wa kwangu," Mama Zuwena akanijibu. "Gari limesimama mbele ya mlango wangu."

Mwenye nyumba alitoka na fimbo. Yeye ni Muganda wa ukoo wa Nsenene. Kwao kumla ni mwiko. Nikafurahi, nikajua mtetezi kaja. Akatazama boneti, akatazama mifuko, akauliza: "Hiyo taa inakula umeme wa Yaka wa nani?"

Mdudu mmoja kwenye klia mbichi hutolewa kwa kibano dakika ileile, na klia hujifunika yenyewe. Wakiwa wengi, unaacha. Unazima taa, unaondoa watu, unalala. Kila kidole kinachozama kinaharibu zaidi ya mguu wa senene. Klia ikishakauka, na kwenye unyevu wa Novemba usiiguse kabla ya saa 48, pangusa kwanza kwa spiriti mara mbili tatu, maana senene ana mafuta, na msasa ukipita juu yake utayasambaza boneti nzima. Kisha msasa 1500 uliolowekwa kwenye maji yenye matone ya sabuni, uliozungushwa kwenye kipande cha sponji, mpaka mbawa na alama za vidole ziishe. Usikaze kwenye kingo. Hapo klia ni nyembamba, inatoboka upesi. Futa vumbi, puliza klia upya, nyepesi, mchana.

Imetoka vizuri. Karibu na wipa umebaki mguu mmoja chini ya vanishi, umenyooka vizuri kabisa, nami nimeamua kuuacha. Ukiufuata kwa msasa utafika kwenye rangi.

Shemeji hajarudi Masaka. Jana aliuzunguka mlango wa nyuma wa gari, akauangalia kwa makini, akaniuliza huo nao nitaupaka lini, kwa kuwa msimu unakaribia kwisha.