Bawabu Alivyoviokoa Vishikwambi

Vishikwambi vilivyoanza kusambazwa 2016, badala ya vipakatalishi ambavyo wanafunzi wa darasa la kwanza nchini Kenya waliahidiwa katika kampeni za uchaguzi za 2013, vilipofika shuleni kwetu karibu na Kakamega vililakiwa kwa vyuma: dirisha la stoo lilitiwa nondo, mlango ukapigwa kufuli mbili, na mwalimu mkuu akazivaa funguo shingoni kama hirizi. Mimi nilikabidhiwa usimamizi wavyo kwa sababu niliwahi kumtengenezea simu. (Ukweli ni kwamba niliizima tu, nikaiwasha tena.) Muhula mzima ulipita bila mtoto hata mmoja kuvigusa, kwani katika mikutano yetu tulizungumzia wezi kuliko masomo.

Kisha Alhamisi moja tukaarifiwa kwamba afisa wa elimu angekuja kesho yake kutazama somo la kidijitali. Jioni hiyo nilivipanga vishikwambi juu ya magunia ya maharagwe, nikavichomeka vyote kwenye ekstensheni tatu zilizounganishwa, na vitaa vyekundu vilipowaka nikamwita bawabu.

"Mzee, usiku wa leo kisipotee hata kimoja."

Asubuhi afisa aliketi kwenye dawati la nyuma, magoti yakimkaribia kidevu. Niliwaamuru watoto wabonyeze, nao wakabonyeza kwa nguvu zao zote, lakini vioo vilibaki vyeusi tititi. Nilitoa hotuba ndefu kuhusu radi za Kakamega na wenye stima wasiojali elimu, na nadhani ilikuwa nzuri, ila afisa alikuwa amegeukia dirishani, akisikiliza kinu cha posho kikinguruma ng'ambo ya barabara.

"Na kinu kile, mwalimu, kinaendeshwa na nini?"

"Dizeli," nilijibu bila kupepesa macho.

Mtoto wa dawati la mbele, ambaye nilikuwa nimesahau kwamba kinu kile ni cha baba yake, aliinua mkono. "Ni stima, mwalimu."

Hapo ndipo bawabu alipotokea mlangoni, kofia mkononi, uso ukimeremeta.

"Mwalimu, usiku niliona vitu vyekundu vikikonyeza humo stoo, nikajua waya zimeshika moto, nikazima swichi kuu. Hakijapotea hata kimoja."

Afisa alimwuliza mzee jina lake, akaliandika kwa herufi kubwa. Langu hakuliuliza.